Cumbia: asili yake na santuri za mwanzo (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Haya ni maswali yanayorudi kila cumbia inapotajwa miongoni mwa wapenzi wa muziki wa zamani. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Asiye na muda asome namba 11 na 15. Humo ndimo lilimo jambo ambalo wengi hulikosea.

## Mambo ya msingi

1. Cumbia ni nini?

Ni ngoma ya pwani ya Karibi ya Kolombia. Kwa mtu wa kijijini huko, cumbia kwanza ni mchezo: watu wanazunguka usiku, wapigaji wakiwa katikati. Kwa mpiga ngoma ni mdundo mmoja kati ya kadhaa anayoijua, pamoja na porro, puya na bullerengue. Kwa mtu wa Mexico, Argentina au Peru ni ukoo mzima wa muziki wa dansi, wenye gitaa za umeme na vinanda, ambao pengine umebakiza mdundo tu wa kule ulikotoka.

Mabishano mengi huzuka kwa sababu mmoja anazungumzia ngoma ya kijijini na mwenzake anazungumzia bendi ya mjini. Hapa tunashughulika zaidi na ile ya kijijini, na namna santuri zilivyoitoa huko.

2. Ilianzia mji gani?

Inategemea unamuuliza mwenyeji wa wapi. El Banco, mji ulio kwenye makutano ya mito Magdalena na Cesar, una tamasha la taifa la cumbia tangu 1970. Aliyelisukuma ni mtunzi José Barros, mzaliwa wa mji huohuo, na hakuchoka kudai kwamba ngoma ni ya kwao. Soledad, jirani ya Barranquilla, ina kundi la Cumbia Soledeña linalohesabu umri wake tangu 1877. Ciénaga wana madai yao, San Jacinto wana yao, na Cartagena hawakubali kuachwa nyuma.

Kwa maoni yangu, kutafuta mji mmoja ni kazi bure. Hadi karne ya 20 ilipokwisha kuanza, Magdalena ndiyo iliyokuwa barabara kuu ya nchi. Mitumbwi, majahazi na baadaye meli za moshi zilipanda na kushuka na watu, mizigo na sikukuu zao. Ngoma iliyopigwa Mompox wiki hii iliweza kusikika Barranquilla wiki chache baadaye. Kwa hiyo eneo lenyewe ni bonde la chini la mto huo pamoja na vilima vya Montes de María vilivyo kusini ya Cartagena.

3. Je, ni muziki wa Waafrika?

Ngoma zake ni za Waafrika. Filimbi zake kuu ni za wenyeji wa asili wa Amerika. Mavazi ya wachezaji, pamoja na sehemu kubwa ya lugha ya nyimbo zilizokuja baadaye, yametoka kwa Wahispania. Maelezo haya ya "mchanganyiko wa damu tatu" hufundishwa shuleni Kolombia na hayana uongo, ila yanapendeza kupita kiasi. Yanafanya ionekane kana kwamba watu watatu walikaa mezani wakapatana.

Cartagena, uliojengwa 1533, ulikuwa mojawapo ya milango mikuu ya watumwa katika himaya ya Hispania. Mwishoni mwa karne ya 16 wengi wa walioshushwa pale walitokea pwani ya Guinea ya Juu. Kuanzia miaka ya 1590 waliongezeka sana waliotoka Angola na Kongo. Waliotoroka walijenga ngome zao msituni. Inayojulikana zaidi ni San Basilio de Palenque, ambayo ilifikia makubaliano na Wahispania mwanzoni mwa karne ya 18, na lugha yake hadi leo imebeba maneno ya Kikongo. Msomaji wa Kiswahili hatahitaji kamusi kujua mtu wa huko anaposema *ngombe* anamaanisha mnyama gani. Wenyeji wa asili nao, kama Wazenú wa bonde la Sinú na Wakogi wa milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, walikuwa na filimbi zao karne nyingi kabla meli hazijatia nanga.

Kilichowakutanisha ni mashamba, mto, na sikukuu za Kanisa. Tazama namba 5.

4. Jina "cumbia" limetoka wapi?

Maelezo yanayorudiwa zaidi yanalihusisha na *cumbé*, jina la ngoma ya watu weusi iliyojulikana Hispania na makoloni yake. Wengine hulitafutia asili Kikongo, wengine lugha za wenyeji wa asili. Kwa wanaouliza kama linahusiana na "kumbe" yetu: hapana. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi.

5. Ilianza lini?

Ngoma za vijijini hazina cheti cha kuzaliwa, lakini tuna shahidi mzuri mmoja. Jenerali Joaquín Posada Gutiérrez, aliyezaliwa Cartagena 1797, alichapisha kumbukumbu zake 1865. Ndani yake anasimulia sikukuu ya Bikira wa Candelaria mjini kwao enzi za ujana wake. Matajiri walicheza ukumbini kwa zamu kulingana na rangi na tabaka, na maskini walicheza nje. Huko nje, anasema, watu weusi walikuwa na duara lao la ngoma na wenyeji wa asili walikuwa na duara lao la gaita, kila kundi peke yake. Halafu anaongeza kwamba wakati anaandika, uhasama kati ya makundi hayo ulikuwa umepungua, wakawa wanacheza pamoja, wapiga gaita wakiandamana na wapiga ngoma.

Hilo ndilo tukio lenyewe, na limeandikwa na mtu aliyeona pande zote mbili: ngoma na gaita kuungana kati ya mwanzo na katikati ya karne ya 19. Utumwa ulifutwa rasmi nchini humo kuanzia Januari 1852, ndani ya kipindi hichohicho.

## Vyombo na uchezaji

6. Gaita ni nini? Si ile zumari ya mfuko ya Wahispania?

Jina tu ndilo la Kihispania. Gaita ya Kolombia ni filimbi ndefu ya moyo wa dungusi uliotobolewa katikati. Kichwani huvishwa bonge jeusi la nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mkaa, na katika bonge hilo huchomekwa bua la unyoya wa bata. Hapo ndipo pumzi inapopita. Filimbi za Wakogi ziitwazo *kuisi* hutengenezwa vivyo hivyo, na hapana shaka mzizi ni mmoja.

Huenda mbili mbili. Gaita jike ina matundu matano na ndiyo inayobeba wimbo. Gaita dume ina mawili, inatoa sauti chache za chini za kuitikia. Mpiga dume anaishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unatikisa nyanga. Ukitazama wapiga gaita hodari, huyo wa dume ndiye wa kumwangalia: mtu mmoja anashika sauti na mapigo kwa pamoja na hapotei.

Mahali pengine, hasa chini ya mto Magdalena na Barranquilla, hakuna gaita bali kuna *caña de millo*. Ni bua fupi linalolazwa upande mdomoni, na ulimi wake wa kutetema umechongwa kutoka bua lenyewe. Mpigaji hupuliza nje na pia huvuta ndani, na sauti yake ni kali, ya puani. Watafiti wameilinganisha na vyombo vya namna hiyo vya ukanda wa Saheli, Afrika Magharibi. Mtu akisema gaita ni ya wenyeji na caña de millo ni ya Waafrika, hatakuwa mbali na ukweli.

7. Nitautambuaje mdundo wa cumbia?

Sikiliza ngoma ndogo kuliko zote, *llamador*, yaani "mwitaji". Kazi yake ni moja usiku kucha: ukihesabu hatua moja-mbili, moja-mbili, mguu unatua kwenye moja na llamador inajibu kwenye mbili. Haipambi, haibadiliki. Juu yake inacheza *alegre*, ngoma ndefu ya uso mmoja wa ngozi, ambayo mpigaji wake ana ruhusa ya kusema lolote. Chini kuna *tambora*, ngoma nene ya nyuso mbili inayopigwa kwa fimbo, ngozini na ubavuni. Manyanga yanajaza nafasi iliyobaki.

Wapenzi wa ngoma za kwetu watauona mpango huu mara moja: ngoma moja inashikilia, nyingine inazungumza. Bendi zilipoingia studio, kazi ya llamador ilihamia kwenye kikwaruzo cha *guacharaca*, kwenye gitaa, au kwenye kinanda. Ndiyo maana cumbia ya Peru ya miaka ya 1970, isiyo na ngoma hata moja ya asili, bado inachezeka kwa mguu uleule.

8. Kwa nini wanawake hucheza na mishumaa? Ni kweli hatua zile zinatokana na minyororo ya utumwa?

Mwanamke hushika fungu la mishumaa lililofungwa kitambaa, anateleza bila kunyanyua miguu, na sketi yake pana inafagia. Mwanamume anamzunguka na kofia yake ya kusuka, anakaribia, anafukuzwa na moto wa mishumaa, anarudi. Hawagusani. Ngoma ilikuwa ya usiku, uwanjani au ufukweni, kabla ya umeme, kwa hiyo mwanga ulikuwa wa lazima. Kwamba mishumaa pia ni silaha ya kumweka mchumba mbali, hayo ni mambo ya wachezaji wenyewe.

Hadithi ya minyororo husimuliwa sana na waongoza watalii. Siikubali, kwa sababu rahisi: kama pingu zingefundisha hatua zile, mbona mwanamume, ambaye naye alifungwa, anaruka, anainama na kupiga magoti?

9. Akodiani ni chombo cha asili cha cumbia?

La. Ilifika bandarini kutoka Ujerumani katika karne ya 19, ikaenea mashambani kwa sababu ni bendi nzima katika mfuko mmoja. Mtu mmoja anapata wimbo, sauti nzito na mapigo, na akodiani yenyewe haiharibiki upesi kama filimbi ya nta kwenye jua. García Márquez, alipokuwa kijana anayeanza uandishi katika gazeti la *El Universal* la Cartagena mwaka 1948, aliitetea akodiani wakati wakubwa wa mji walikuwa bado wanaikunjia uso.

Aliyeiunganisha vizuri zaidi na cumbia ni Andrés Landero wa San Jacinto (1931–2000). Alikulia katikati ya wapiga gaita, na vidole vyake juu ya akodiani vinafuata mwendo wa gaita: misemo mifupi inayorudi, yenye huzuni fulani hata wimbo ukiwa wa furaha. Jina la utani "mfalme wa cumbia" wamepewa wengi. Kwake halikuwa la matangazo.

10. Cumbia ya asili ina maneno?

Kwa kawaida haikuwa nayo. Ilikuwa ya vyombo na uchezaji. Nyimbo za kuitikiana zilikuwa za ngoma jirani kama bullerengue, inayoongozwa na wanawake. Katika muziki wa gaita, anayetajwa kuleta mashairi kwa wingi ni Toño Fernández wa San Jacinto, mpiga gaita na mtunzi wa beti aliyekuwa na ulimi mkali. Santuri nazo zilichangia, kwani mnunuzi wa mjini alitaka kitu cha kuimba.

## Santuri za mwanzo

11. Santuri ya kwanza kabisa ya cumbia ni ipi?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu linategemea unahesabu nini.

Ukihesabu muziki wa pwani ya Kolombia kwa jumla, taja Ángel María Camacho y Cano. Karibu mwaka 1930 alikwenda New York na nyimbo zake akarekodi na kampuni ya Brunswick. Ni miongoni mwa sauti za mwanzo za muziki huo kwenye santuri, lakini zilipigwa kwa mpangilio wa okestra ya mjini, mbali na mto na mbali na gaita.

Ukihesabu santuri zilizotengenezwa na Wakolombia wenyewe, unaingia kwenye studio za redio za Cartagena na Barranquilla za miaka ya 1930 na 1940 (namba 12). Ukihesabu okestra iliyoifanya cumbia ijulikane nje, unaingia 1946 (namba 13). Na ukitaka ile ngoma ya kijijini yenyewe, ya gaita na tambora, itakubidi usubiri hadi miaka ya 1950 na 1960 (namba 15).

Yaani mpangilio wa santuri umepinduka. Kilicho kikongwe kilirekodiwa mwisho, na kilicho kipya kilirekodiwa kwanza. Anayesikiliza santuri kwa kufuata miaka yake, akidhani anasikia muziki "ukiendelea" kutoka kijijini hadi mjini, anasoma kitabu kuanzia nyuma.

12. Discos Fuentes ni nini na kwa nini kila mtu huitaja?

Ni kampuni ya santuri iliyoanzishwa Cartagena mwaka 1934 na Antonio Fuentes, maarufu kwa jina la Toño. Alikuwa na kituo cha redio na alikuwa mpigaji mwenyewe, hodari wa gitaa la Kihawaii. Redio ilimpa studio, studio ikampa nyimbo, nyimbo zikatangazwa na redio. Mwanzoni santuri zilifyatuliwa nje ya nchi, halafu katika miaka ya 1940 akaweka mitambo yake.

Hakuwa peke yake. Barranquilla, ambako redio ilianza 1929, kulikuwa na Discos Tropical ya Emilio Fortou tangu 1945. Lakini pesa na viwanda vilikuwa Medellín, milimani, siku nyingi za safari kutoka baharini. Sonolux ilianza huko 1949, Codiscos ikafuata 1950, na mwaka 1954 Fuentes naye alihamisha kampuni yake Medellín. Tangu hapo muziki wa pwani ulitengenezwa hasa katika mji usio na pwani. Wapigaji walipandishwa kutoka Cartagena na Sincelejo, wakalala hotelini, wakarekodi, wakarudi.

Fuentes alikuwa na sikio la biashara na hakuona haya kulitumia. Aliwakusanya wapigaji waliokuwa hawajawahi kukaa bendi moja, akaipa bendi jina, akaiuza. Los Corraleros de Majagual, wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliundwa hivyo: akina Calixto Ochoa na Alfredo Gutiérrez upande wa akodiani, tarumbeta zikachanganywa humo, kelele za vichekesho juu yake. Tokeo ni mojawapo ya bendi tamu kuliko zote za Kolombia, kwa hiyo siwezi kumlaumu.

13. Lucho Bermúdez alifanya nini hasa?

Alizaliwa El Carmen de Bolívar mwaka 1912, ndani ya Montes de María, nchi ya gaita. Alijifunza muziki kwenye bendi za matarumbeta, akashika klarineti. Aliongoza okestra Cartagena, kisha akapanda Bogotá katika miaka ya 1940. Mwaka 1946 RCA Victor ilimpeleka Buenos Aires, akarekodi makumi ya nyimbo na wanamuziki wa Argentina, na sauti ya Matilde Díaz ndiyo inayokumbukwa zaidi kando ya klarineti yake.

Alichukua ngoma ya uwanjani akaivisha suti: saksafoni, tarumbeta, kinanda, mpangilio ulioandikwa kwa noti kama wa bendi kubwa za Marekani na Cuba. Lakini sikiliza klarineti. Inaingia juu, inarudia msemo mfupi, inaupinda kidogo, inaurudia tena. Hiyo ni kazi ya gaita jike na caña de millo. Kati ya nyimbo zake, "Danza negra" na "Colombia, tierra querida" ni cumbia. "Carmen de Bolívar", aliyoutungia mji wake, ni porro.

Mwenzake wa Barranquilla, Pacho Galán, alikwenda hatua nyingine: alichanganya merengue na cumbia akaita *merecumbé*, na mwaka 1955 "Ay cosita linda" ikapita mipaka yote.

14. Kwa nini santuri nyingi za miaka ya 1940 zimeandikwa "porro" na si "cumbia"?

Kwa sababu porro ndiyo iliyokuwa sokoni. Ni ndugu wa karibu wa cumbia, uliokomaa katika bendi za matarumbeta za vijiji kama San Pelayo, kwa hiyo ulikuwa rahisi kuhamia okestra. Nje ya nchi, Mexico na Argentina, wasikilizaji hawakujua tofauti, na kufikia miaka ya 1960 neno cumbia lilikuwa limemeza yote. Usishangae basi kukuta wimbo mmoja umeandikwa porro kwenye santuri ya kwanza na cumbia kwenye mkusanyiko wa baadaye.

Mfano wa kusikiliza ni Pedro Laza y sus Pelayeros, wa Fuentes, miaka ya 1950. Jina linadai San Pelayo, lakini Laza alikuwa mtu wa Cartagena na bendi ilikuwa ya studio. Pamoja na hayo, ukali wa matarumbeta na klarineti humo haupatikani katika okestra yoyote ya Bogotá.

15. Kwa nini wapiga gaita wenyewe walichelewa kurekodiwa?

Sababu ni dharau, na ilikuwa wazi. Tabaka la juu la Bogotá na Medellín liliona muziki wa pwani kuwa kelele za watu weusi; magazeti yaliandika hivyo bila aibu. Okestra zilizovaa suti ziliweza kupenya klabu zao, wapiga gaita wenye viatu vya kamba hawakuweza. Zaidi ya hayo santuri ya mizunguko 78 inabeba kama dakika tatu kila upande, na cumbia ya uwanjani haina sababu ya kwisha kwa dakika tatu.

Waliobadilisha hali ni ndugu wawili weusi kutoka Lorica: Manuel Zapata Olivella, daktari na mwandishi, na dada yake Delia, mchezaji na mtafiti wa ngoma. Katika miaka ya 1950 waliwachukua wapiga gaita wa San Jacinto, akina Toño Fernández na akina Lara, wakazunguka nao Ulaya, Urusi ya Kisovieti na hadi China. Watu waliokuwa hawakaribishwi klabu za Bogotá walishangiliwa Moscow na Peking. Waliporudi, kampuni za santuri ziligundua ghafla kwamba kumbe wapo.

Karibu wakati huohuo watafiti walifika na mashine za kanda. George List, wa Chuo Kikuu cha Indiana, alianza miaka ya 1960 kurekodi kijiji cha Evitar, si mbali na Cartagena, na kanda zake ni miongoni mwa mahali pachache unapoisikia ngoma bila mtu wa studio kuamua imalizike lini.

Los Gaiteros de San Jacinto wangali wanapiga, vizazi vimepokezana, na mwaka 2007 walipata tuzo ya Latin Grammy.

16. Nani alitunga "La cumbia cienaguera" na "La pollera colorá"?

Zote mbili zina ugomvi, na ugomvi unafundisha kuhusu enzi ile.

"La cumbia cienaguera" ilisambaa kwa akodiani ya Luis Enrique Martínez mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini watu wa Ciénaga wanasema muziki ni wa Andrés Paz Barros, mwenyeji wao. Luis Carlos Meyer, mwimbaji wa Barranquilla aliyehamia Mexico, aliirekodi huko na okestra ya Rafael de Paz, na mara nyingi hutajwa kuwa cumbia ya kwanza kurekodiwa nje ya Kolombia.

"La pollera colorá" ilianza kama muziki mtupu wa klarineti wa Juan Madera, katika okestra ya Pedro Salcedo, wakiwa Barrancabermeja. Mwimbaji Wilson Choperena akauongezea maneno. Uliposhika nchi nzima, waligombania haki kwa miaka. Wimbo wa watu wote ukishaingia kwenye santuri unahitaji jina moja chini yake, na hapo ndipo urafiki hufa.

## Baada ya Kolombia

17. Ilifikaje Mexico, Argentina na Peru?

Kwa santuri na kwa watu, vyote pamoja. Mexico ilimpokea Meyer (namba 16), na katika miaka ya 1960 Carmen Rivero aliongoza okestra yake mwenyewe akirekodi cumbia kwa mpangilio wa Kimexico. Buenos Aires, Los Wawancó waliundwa 1955 na wanafunzi wa vyuo kutoka nchi mbalimbali za Amerika ya Kilatini. Peru ndiko ilikobadilika zaidi: Enrique Delgado na Los Destellos, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, waliweka gitaa la umeme mahali pa klarineti na kuchanganya mdundo wa cumbia na nyimbo za milima ya Andes. Mtindo huo ulikuja kuitwa *chicha*.

18. Kuna uhusiano wowote na rumba ya Kongo au dansi la Afrika Mashariki?

Wa moja kwa moja, si mkubwa. Santuri za mfululizo wa GV, zilizoletwa Afrika kuanzia 1933 na kuwafundisha wapigaji wa Leopoldville na pwani yetu, zilikuwa za Cuba hasa. Kwa hiyo dansi letu ni jamaa wa son ya Cuba, na cumbia ni ndugu wa mbali kwa upande huo.

Njia iliyo wazi ni ya kurudi. Kuanzia miaka ya 1970 wenye *picó*, yale masanduku makubwa ya spika yaliyopakwa rangi, ya Cartagena na Barranquilla, walishindana kupata santuri kutoka Afrika, za Kongo zikiwa mbele. Mbilia Bel ana wapenzi huko hadi leo. Vijana wa Palenque na Cartagena wakaanza kupiga wenyewe, ikazaliwa *champeta*. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Lubumbashi akisikia gitaa la champeta, hataulizia limetoka wapi.

## Maswali ya wanaokusanya

19. Cumbia na vallenato ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa duka lolote la Bogotá litakuwekea kwenye rafu moja. Vallenato ni ya mashairi na akodiani ya upande wa Valledupar, yenye mitindo yake minne: paseo, merengue, son na puya. Akina Landero (namba 9) wako kwenye mpaka, na mpaka huo wenyeji huutambua kwa mguu kabla ya sikio.

20. Nitajuaje kama mkusanyiko nilioupata ni wa rekodi za kale kweli?

Usiamini mwaka ulio kwenye jalada. Mara nyingi ni mwaka wa kutolewa upya. Mambo mengine ya kuangalia: wapigaji wakubwa walirekodi wimbo uleule mara kadhaa, na Lucho Bermúdez ni mmoja wao, kwa hiyo toleo la 1946 na la miaka ya 1960 yanaweza kubeba jina moja. Bendi nazo hufa na kufufuka: La Sonora Dinamita ilianzishwa 1960 chini ya Fuentes na Lucho Argaín, ikavunjika, ikarudi miaka ya 1970 ikiwa na sauti nyingine kabisa. Ukisikia besi ya umeme iliyo safi na mwangwi mzito, hiyo si santuri ya miaka ya 1940 hata jalada liseme nini.

Mifululizo ya "14 Cañonazos" ya Fuentes, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutolewa kila mwisho wa mwaka, ni nzuri kwa kujua nini kilichezwa Krismasi ipi. Ni mikusanyiko ya mwaka husika, si ya historia.

21. Nianze kusikiliza wapi?

Anza nyuma, kama ilivyoelezwa namba 11. Tafuta kwanza Los Gaiteros de San Jacinto wakiwa na Toño Fernández, usikilize gaita dume na nyanga peke yake kwa wimbo mzima. Kisha kundi lolote la caña de millo la Soledad. Halafu Landero, hasa "La pava congona". Hapo ndipo umfungulie Lucho Bermúdez na Matilde Díaz, na baada yake Pedro Laza kwa sauti kubwa kidogo kuliko jirani atakavyopenda. Los Corraleros waache wa mwisho, siku ambayo kuna wageni.